Wolbachia ndani ya mbu: swali ni wangapi, si kama yumo

Mbu Aedes aegypti, mwenezaji mkuu wa dengi, kwa asili hana bakteria aitwaye Wolbachia. Watafiti wa Australia walimpandikiza bakteria wa nzi wa matunda, ukoo wa wMel, na mwaka 2011 mbu hao wakaanza kuachiwa karibu na Cairns.

Wanaoitetea njia hii ya kupunguza dengi kwa kumwekea mbu bakteria wana hoja nzito. Katika jaribio la Yogyakarta, Indonesia, matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77 na kulazwa hospitalini kwa asilimia 86. Kirusi cha dengi kinachoingia ndani ya mbu na damu hakina budi kuvuka ukuta wa utumbo, kisambae mwilini, ndipo kifike kwenye tezi za mate. Seli zikishajaa Wolbachia, wanaogombea na kirusi kolesteroli na mafuta yaleyale, nakala za kirusi huwa chache. Uenezaji nao hujiendesha: dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye nao, mayai hayaanguliwi, jike mwenye nao huzaa na dume yeyote na kuwarithisha watoto.

Udhaifu uko kwenye wingi wa bakteria ndani ya mbu. Viluwiluwi wa mbu wenye wMel wakikulia kwenye maji ambayo joto lake hupanda na kushuka kila siku kati ya nyuzi 26 na 37 za Selsiasi, hupoteza sehemu kubwa ya bakteria. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, cha "yumo au hayumo" bado kinaweza kusema yumo, ilhali kinga imeshalegea. Ukoo wa wAlbB, uliotumika Malaysia, huhimili joto zaidi, ila mayai ya mbu wenye ukoo huo yakihifadhiwa makavu muda mrefu, majike wengi wanaoanguliwa huwa tasa. Nao wMelPop, ukoo mwingine, huzuia kirusi vikali, lakini hufupisha maisha ya mbu mno hata akashindwa kudumu porini.

Tena si kila bakteria wa mbu ni mshirika wetu. Serratia marcescens, akaaye utumboni, hutoa protini inayomeng'enya ute unaolinda ukuta wa utumbo, na dengi hupata upenyo. Maabara pia imeonyesha mbu wa aina nyingine, Culex tarsalis, aliyedungwa wAlbB akiambukizwa virusi vya Nile Magharibi kwa urahisi zaidi.

Kwangu, njia hii inastahili kuendelezwa, lakini ufuatiliaji ubadilike. PCR ya kupima kiasi ilinganishe jeni la bakteria na jeni la mbu mwenyewe, na sampuli zichukuliwe msimu wa joto kali, kutoka kwenye vyombo vilivyo juani.