Bruch si Konseto Moja ya Violini Tu

Kila nikigeuka nakutana na rekodi mpya ya konseto ya kwanza ya violini (kazi ya violini moja na okestra) ya mtunzi Mjerumani Max Bruch. Ni tamu, sibishi. Lakini imepigwa mpaka basi. Heri fedha za studio ziende kwenye konseto yake ya piano mbili na okestra, ya mwaka 1912.

Bruch aliwaandikia kazi hiyo Rose na Ottilie Sutro, dada wawili wapiga piano wa Baltimore, Marekani. Wakaichukua, wakaipunguza na kuirahisisha. Walipoipiga Philadelphia mwaka 1916, Leopold Stokowski akiongoza okestra, ilikuwa imeshabadilishwa. Baadaye hata sehemu zake nne zikawa tatu. Mtunzi alifariki 1920 bila kuisikia alivyoiandika. (Hao hao ndio aliowakabidhi mswada wa ile konseto maarufu ya violini wamuuzie Marekani, na hela ya maana hakuiona. Mzee alikuwa na marafiki wa ajabu.)

Ottilie alifariki 1970, vitu vyake vikanadiwa. Mpiga piano Martin Berkofsky akanunua makaratasi kutoka humo, akagundua ana noti za Bruch mwenyewe. Karatasi za wapigaji wa okestra zilikuwa zimeangukia mikononi mwa wanunuzi wengine, ikabidi zitafutwe. Yeye na mpiga piano mwenzake Nathan Twining wakaiunganisha upya na kuirekodi na London Symphony Orchestra, Antal Dorati akiongoza. Ndipo watu wakaisikia ilivyoandikwa.

Muziki wenyewe je? Mwanzo ni mzito, piano zote mbili zikinguruma pamoja. Bruch aliuchota kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu aliyoyaona kisiwani Capri. Sehemu ya tatu, ile ya taratibu, ndiyo inayonimaliza. Ya mwisho inapiga kelele kuliko inavyosema, tusidanganyane.

Kwenye ukumbi kazi hii ni mzigo: piano kubwa mbili, wapigaji wawili wa kulipwa, na tiketi za kuwauzia watu kitu wasichokijua. Santuri haina haraka hiyo, inaweza kumngoja msikilizaji miaka ishirini. Kwa hiyo anayesema rekodi za kazi zilizosahauliwa ni anasa ya wachache, namuuliza: hiyo rekodi ya mia ya konseto ya violini inamsaidia nani?

Anza na Berkofsky na Twining, kisha wapiga piano Katia na Marielle Labèque, Semyon Bychkov akiongoza okestra. Wengi watawapenda Labèque zaidi. Mimi bado niko na wale wa kwanza.