Gari la Kasi Halikuundwa Likae Bandani

Kila siku ya kazi huondoka nyumbani Shela, hapa Malindi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, nikaelekea Kilifi kwa Subaru WRX STI ya mwaka 2014, na jioni hurudi nayo kwa barabara hiyo hiyo. Ni karibu kilomita 60 kwenda na kama hizo kurudi. Nimefanya hivyo tangu mwaka 2021, gari lilipoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani, na tangu wakati huo sijakosa mtu wa kunishauri, kwa nia njema kabisa, ninunue Probox ya kwendea kazini na hili niliweke nyumbani kwa ajili ya Idi na harusi. Ushauri huo nimeusikiliza na kuupima, na kila mwaka unaopita naona kasoro yake inazidi. Gari la kasi, hasa kwetu tunaoishi kando ya bahari, huharibiwa na kusimama kuliko linavyoharibiwa na safari, na mtu asiyekuwa tayari kuliendesha na kulitunza kila siku ni afadhali asilinunue kabisa.

Shemeji yangu, anayefanya kazi Oman na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, aliagiza Nissan Fairlady Z, ile yenye injini ya lita 3.7, akaiweka chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba yake, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka ufukweni. Aliifunika kwa turubai zito, akaivuta breki ya mkono hadi mwisho, akamkabidhi kijana wa nyumbani funguo na agizo kwamba asimruhusu mtu yeyote kuigusa. Kijana alitii. Miezi kumi na moja baadaye tulipoifunua, pedi za breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania diski hata gari likakataa kusukumwa na watu wanne, matairi yalikuwa na ubapa upande uliolalia sakafu, betri ilikuwa imekufa, na panya walikuwa wametafuna nyaya za injini na kujenga kiota juu yake. Dashibodi ilionyesha kilomita ambazo hazikufika hata elfu thelathini. Fundi wangu aliizunguka mara mbili bila kusema neno, kisha akaniambia, "Hii imekufa maji nchi kavu."

Sababu zake zinaeleweka, na inafaa zielezwe taratibu kwa kuwa watu wengi wa mwambao wanazijua nusu tu. Diski za breki ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi mahali pedi zinapogusa, na kinachoziweka safi ni kule kusuguliwa kila siku. Hewa yetu ina chumvi na unyevu usiku na mchana, na kusi linapovuma kwa nguvu ukungu wa mawimbi hufika mbali kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo diski zisiposuguliwa kutu hula uso wake na kuushikiza kwenye pedi. Turubai ambalo mwenye gari analiona kama ngao hunasa umande wa usiku na kuuzuia usikauke asubuhi. Oili nayo yote hushuka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ikaziacha sehemu za juu za injini bila utando wa kuzikinga, na sili za mpira zilizozoea kulowa hukauka na kusinyaa. Petroli iliyokaa tangini miezi mingi hupoteza sehemu zake nyepesi zinazoshika moto upesi. Mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hunyonya maji kutoka hewani, huendelea kunyonya hata gari likiwa limelala, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Mimi huyabadilisha kila mwaka, ingawa wengi huyaacha miaka miwili au zaidi. Mabaharia wetu hawahitaji kuelezwa haya. Jahazi lililopandishwa pwani likasahauliwa hukauka mbao, kalafati yake ikalegea, na siku ya kushushwa majini huvuja kila upande, wakati lile linalokwenda safari hubaki limeshikana.

Injini yenyewe inathibitisha jambo hili kwa historia yake. STI yangu ina EJ20, injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ambayo Subaru walianza kuiuza mwaka 1989 ndani ya gari la Legacy na kuendelea kuiunda kwa miaka 30. Mwezi Januari wa mwaka huo huo wa 1989, kampuni iliipeleka Legacy yenye injini hiyo kwenye uwanja wa majaribio Arizona, Marekani, ikazungushwa usiku na mchana hadi ikamaliza kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, kazi iliyochukua karibu siku 19. Sitaki mtu yeyote aendeshe hivyo. Ninachokitaja ni kwamba walioibuni waliijaribu kwa kuikimbiza muda mrefu ikiwa na joto lake sawasawa na oili safi, na kwamba hiyo ndiyo hali ambamo injini hii huishi vizuri. Hata wazo la gari la kasi la kutumiwa kila siku si geni kwa watengenezaji. Honda walipoitoa NSX mwaka 1990, sifa waliyoitilia mkazo sambamba na kasi yake ni kwamba dereva aliona nje vizuri, aliketi bila kuumia, na aliwasha injini kila asubuhi bila wasiwasi.

Nilichagua injini ya lita 2 kwa makusudi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane, na kwa injini za petroli zinazozidi sentimita za ujazo 3,000 kodi ya bidhaa hupanda ngazi nyingine, mzigo ambao shemeji yangu aliubeba na mimi nikauepuka. Hata hivyo kodi hulipwa mara moja. Gharama inayomwonyesha mtu kama gari hili linamfaa ni ile ya kila wiki, na hapo ndipo ninapotaka kusema bila kuficha chochote.

Kwanza ni petroli. Injini yangu iliundwa kwa soko la Japani, ambako mwenye gari la turbo, yaani lenye feni ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hujaza petroli ya oktani 98 hadi 100 (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kukandamizwa bila kulipuka), na petroli ya kawaida ya kwetu iko chini ya hapo. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko wa hewa na petroli uliokandamizwa na turbo huweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, na mlipuko huo hupiga pistoni kama nyundo. Kompyuta ya injini husikia mgongano huo na kuchelewesha cheche, lakini haiwezi kuokoa kila kitu iwapo dereva anakanyaga hadi chini mchana wa joto, gari limejaa abiria, akiwa kwenye gia ya juu. Kwa hiyo nilimtafuta mtaalamu Mombasa akairekebisha programu ya injini iendane na petroli tunayoipata, akapunguza msukumo wa turbo, na nikakubali kwamba nguvu za farasi 308 zilizoandikwa kwenye karatasi za gari sizipati zote. Kwa mwendo wangu wa kawaida lita moja hunipeleka kilomita 9 hivi. Tarehe 14 ya kila mwezi, bei mpya za mafuta zinapotangazwa, nyumbani kwetu husomwa kwa makini, na mke wangu ana haki ya kuniuliza ninachoulizwa.

Oili ni jambo zito kuliko petroli, kwa kuwa petroli ikiisha gari husimama tu, lakini oili ikipungua injini hufa. Mimi hukipima kijiti cha oili kila Ijumaa baada ya sala, gari likiwa limepoa mahali palipo sawa, na huibadilisha oili yote kila kilomita 5,000, jambo ambalo kwa safari zangu huja kila baada ya miezi miwili hivi. Gereji moja, mwaka wa kwanza, ilinijazia oili nzito ya bei nafuu na kuniandikia risiti ya ile niliyoilipia. Niliitambua kwa sauti ya injini asubuhi, nikaimwaga siku hiyo hiyo, na tangu hapo huinunua mwenyewe, huipeleka ikiwa imefungwa, na husimama pale hadi kifuniko kirudishwe. Vilevile, nikifika nyumbani baada ya mwendo mrefu, huiacha injini ikinguruma dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili na maji yaendelee kupita kwenye turbo iliyo moto sana. Ikizimwa ghafla, oili iliyobaki ndani huungua na kugeuka masizi magumu yanayoziba njia zake. Jirani yangu alidhani najionyesha. Nilimweleza, akaanza kufanya hivyo hivyo na lori lake.

Kuhusu matuta, wanaoniuliza hunishangaza kwa kudhani hilo ndilo tatizo kubwa. Barabara kutoka Malindi kupita Msabaha, Gede, Mida na Matsangoni ina matuta ya kutosha, na tumbo la gari langu liko karibu na ardhi, lakini tuta hupitwa kwa mwendo wa kutembea, kwa mshazari pale nafasi inaporuhusu, na gari halidhuriki. Kinachoniumiza kweli ni mashimo yaliyojaa maji wakati wa masika, kwa sababu tairi langu lina ubavu mwembamba, na rimu iliyogonga ukingo wa lami iliyokatika hupinda hata kama dereva alikuwa mwangalifu.

Nisisahau pia kwamba kuendesha kila siku maana yake ni mwendo wa kutosha. Safari ya kilomita mbili kwenda sokoni na kurudi huizima injini kabla oili haijapata joto, na maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hubaki humo ndani yakichanganyika nayo. Sokoni mimi hupanda tuktuk. Nikienda Lamu kuwaona wazee, gari hubaki Mokowe siku mbili tatu, mimi nikavuka kwa mashua hadi kisiwani ambako punda na miguu vinatosha, na nikirudi huzikuta diski zimeshaota kutu la rangi ya chungwa. Breki tano sita za taratibu hulifuta. Siku mbili tatu tu, na chumvi imeshaanza kazi yake.

Liko jambo moja ambalo nalishikilia kuliko yote niliyoyasema. Vijana wa hapa wanaipenda Subaru, na mapenzi hayo yana mizizi ya haki, maana dereva Colin McRae aliishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akarudia mwaka 2000, tena kwenye nchi yetu, ambako gari bovu halikuweza kujificha. Lakini tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hukimbiwa Naivasha, kwenye njia zilizofungwa kwa magari mengine, na dereva ana msomaji njia kando yake na vyuma vya kumkinga pande zote. Barabara ya Malindi kwenda Kilifi ina watoto wa shule wanaotembea pembeni kwa kuwa hakuna njia ya miguu, bodaboda zinazoibuka kutoka vichochoroni, mbuzi, na matatu zinazosimama popote abiria anapoinua mkono. Kijana anayeijaribu turbo yake pale Gede saa moja asubuhi anahatarisha mtoto asiyemjua, na sitakaa kimya eti kwa kuwa gari lake na langu ni ndugu. Mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa, na ndiyo ninayoifuata. Kile ambacho gari hili hunipa kwa mwendo huo ni breki kubwa zinazosimamisha palepale, usukani unaojibu mara moja, na magurudumu manne yote yanayovuta lami iliyolowa nikiwa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke mvua inapomwagika. Mara moja mbuzi alikatiza mbele yangu Matsangoni, na mara nyingine alikuwa mtoto wa kama miaka saba akikimbilia mpira. Gari lilisimama mara zote mbili. Mara ya pili nilishuka, nikamshika mkono mtoto yule nikamrudisha kwa bibi yake, na ilinichukua muda kabla mikono yangu kutulia nikaweza kuendelea.

Fairlady ya shemeji ilitugharimu wiki tatu. Tulibadilisha diski na pedi za nyuma, matairi yote manne, betri, mafuta ya breki na nyaya zilizoliwa, tukamwaga petroli ya zamani na kusafisha tangi, na bili aliyoipokea huko Oman ingemtosha kuijaza mafuta mwaka mzima kwa safari zangu. Kabla hajarudi kazini tulikaa barazani kwake tukakubaliana. Turubai amelitoa akampa mvuvi mmoja. Breki ya mkono haivutwi tena. Gari huachwa kwenye gia, na magogo mawili huwekwa kwenye magurudumu. Kila Jumapili alfajiri, kabla barabara haijajaa, naichukua kutoka bandani, navuka daraja la Sabaki, nafika Mambrui na kupita kidogo hadi oili ipate joto lake, kisha nairudisha, naiosha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kumtumia picha ya dashibodi ili aone kilomita zilizoongezeka. Ya wiki iliyopita ilionyesha 31,406, naye akanijibu kwa kuuliza kama naweza kuipeleka hadi Gongoni.