Nauli, vitabu na shahada: New York ilivyoukabili umaskini

Katika vyuo vya miaka miwili vya CUNY, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kuingia si kazi kubwa. Kazi ni kumaliza. Wengi wanatoka familia za kipato cha chini, wanasoma huku wakifanya vibarua, na pengo dogo tu la fedha linatosha kumtoa mtu darasani. Ndiyo maana mwaka 2007, ndani ya mkakati wa kupunguza umaskini jijini ulioanzishwa na Meya Michael Bloomberg, ukazaliwa mpango uitwao ASAP.

Mpango unalipa ada iliyobaki baada ya misaada mingine, unasaidia gharama za vitabu, na unampa mwanafunzi kadi ya nauli ya treni na basi kila mwezi. Ila kadi haiji hivihivi: sharti aonane na mshauri wake wa masomo. Hapo ndipo ninapoona busara ya mpango wote. Aliyeanza kuteleza anaonekana mapema, kabla hajapotea kabisa.

Shirika la utafiti la MDRC liliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu: kundi moja likaingia kwenye mpango, jingine likabaki nje. Baada ya miaka 3, waliohitimu ndani ya mpango walikuwa asilimia 40. Nje yake, 22. Vyuo vya jimbo la Ohio navyo viliuiga, na baada ya miaka 6 kipato cha walioingia kilikuwa juu ya cha wenzao.

Wanaopinga wanasema gharama kwa kila mwanafunzi ilizidi ya kawaida kwa takriban asilimia 60. Kweli, lakini ukigawa fedha kwa idadi ya waliohitimu, kila shahada ilitoka kwa bei nafuu zaidi.

Hoja yao nzito ni nyingine. Hata wote wakihitimu, wazee wa Bronx bado watahitaji wa kuwaogesha, na ofisi za Manhattan wa kuzisafisha usiku. Ujira wa kazi hizo haupandi kwa sababu jirani amepata shahada. Nakubali kabisa, ila hiyo ni hoja ya kuongeza mishahara pia, si ya kumwacha mwanafunzi akwame kwa kukosa nauli.

Kinachonisumbua zaidi ni sharti la kusoma muda wote. Mama anayelea mtoto na kufanya kazi kutwa hawezi kulitimiza, na ndiye umaskini umembana kuliko wengi. Jiji likitaka kupanua mpango huu, lianze na yeye.