Mlango wa Nyuma wa Pikapu Si Sakafu ya Kwadi

Jumamosi iliyopita kwenye foleni ya feri ya Likoni, upande wa kisiwani Mombasa, mbele yangu kulikuwa na pikapu ya Hilux dabo kebini, ile yenye kiti cha nyuma, iliyobeba kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne. Si zile ndogo za watoto. Ni ile kubwa yenye keria mbele na nyuma, inayokodishwa watalii Diani. Mlango wa nyuma wa pikapu umelazwa, magurudumu ya nyuma ya kwadi yameukalia, namba ya gari imefunikwa. Kilichoishikilia mashine nzima ni kamba ya manila iliyozungushwa kwenye usukani na kupigwa fundo kwenye ndoano moja ya bodi, ile sehemu ya kubebea mzigo.

Kuingia kwenye feri si neno, maana pua ya gari inaelekea chini na mzigo unaegemea kebini. Balaa ni kutoka. Maji yalikuwa yamekupwa, na anayevuka Likoni anajua mteremko unavyokuwa mkali bahari ikishuka. Hilux ikainua pua kupanda nchi kavu, kwadi ikarudi nyuma kiganja kizima. Nyuma yake walikuwa wanatembea watu, wengi kama kawaida ya Jumamosi: kina mama na vikapu, watoto wameshikwa mikono, vijana wa mikokoteni. Kijana mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa maji akauachia na kuruka kando. Kamba ikashika. Dereva akaendelea na safari yake, wala hakujua kilichotokea mgongoni mwake.

Tangu siku hiyo sijatulia. Na sisi ndio watu wa mwisho wa kuambiwa kwamba feri ina hatari zake. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee, mama na bintiye wakazama nalo, na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa. Halafu leo mtu anaingia hapohapo na mashine ya karibu kilo mia tatu iliyofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo!

Nikizungumza na madereva wa mizigo hii, jibu ni lilelile: "Inaingia, kaka, tumebeba miaka yote." Haiingii. Chukueni futi tupime pamoja.

Bodi ya Hilux dabo kebini, kwa ndani, ina urefu wa kama mita 1.5. D-Max na Ranger haziachani nayo mbali. Kwadi ya kazi, ya cc 400 kwenda juu, ina mita 2 na ushei kutoka bampa ya mbele hadi mwisho wa keria ya nyuma, na kati ya ekseli na ekseli kuna kama mita 1.25. Isukume mpaka bampa iguse ukuta wa kebini. Ekseli ya mbele itakuwa sentimita 40 hivi kutoka ukutani. Ongeza ile mita 1.25, unapata mita 1.65. Bodi imeshaisha. Ekseli ya nyuma imetua ng'ambo ya bawaba, juu ya bati la mlango, na keria inaning'inia hewani. Hapo tumedhani kwadi imeingia hadi ndani kabisa, na mara nyingi haiingii, kwa sababu ya upana. Kati ya vifuniko vya magurudumu vya pikapu hizi kuna kama mita 1.1, na kwadi ukiipima nje ya matairi inakaribia mita 1.2. Kwa hiyo matairi ya mbele ama yanalazimishwa kupanda vifuniko, mashine ikabaki imeinama, ama yanakwama hapo na mzigo wote unazidi kutokea nyuma.

Uzito wenyewe si tatizo, hilo nakubali. Pikapu hizi zimeundwa kubeba karibu tani moja, na kwadi haifiki theluthi ya hapo. Lakini tani hiyo ni ya sakafu, iliyokaa juu ya chesisi. Mlango wa nyuma umeshikwa na bawaba mbili na waya mbili za chuma, basi. Uliundwa kuzuia mzigo usitoke. Nusu ya uzito wa kwadi, kilo 130 au 140, inapoukalia kutoka Likoni hadi Ukunda, kila tuta la Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi linaupiga kwa nguvu mara kadhaa ya hizo kilo. Na waya hizo hukatika. Mwaka 2004 General Motors iliita karibu pikapu milioni 4 huko Amerika ya Kaskazini zibadilishwe waya za mlango wa nyuma, kwa kuwa zilikuwa zinaliwa na kutu kwa ndani. Ndani ya ganda la plastiki, mahali mwenye gari haoni! Hapa tunaishi na upepo wa chumvi mwaka mzima. Pikapu ya Diani yenye miaka kumi, nani amewahi kuvua ganda la waya zake akaangalia?

Saa mbaya kuliko zote ni ya kupakia, kabla hata gari halijaondoka. Kijana wa kampuni anaegemeza mbao mbili kwenye ncha ya mlango, anapanda kwadi na kuipeleka juu. Sekunde ile magurudumu ya mbele yanapofika ukingoni, uzito wa mashine na wa kijana mwenyewe umekusanyika kwenye ncha ya mlango, mbali kabisa na bawaba. Wakati huohuo magurudumu ya nyuma, ndiyo yenye nguvu, yanazisukuma mbao kinyumenyume. Mbao hazijafungwa kokote. Zinachomoka, kwadi inapinduka kwa nyuma, na aliyeipanda yuko chini yake.

Kilo mia tatu kifuani mwa mtoto wa watu, kwa sababu bosi hakutoa mnyororo wa kufungia mbao, wa shilingi mia chache.

Bodi ya pikapu ya 4x4 iko kama sentimita 85 kutoka ardhini. Ubao wa mita 1.5 unakupa mwinuko unaokaribia nyuzi 35, na huo ni ukuta. Ubao wa mita 2.4 unaushusha hadi nyuzi 20 hivi, na mtu anapanda bila kukaza injini. Aliye na akili hurudisha pikapu kwenye tuta la udongo au ukingo wa shamba, mlango ukawa karibu sawa na ardhi, akafunga mbao zake kwa mnyororo kwenye ndoano ya kuvutia trela, akaingia kwa giya ya chini polepole bila kusimama katikati. Mwenye winchi ya kuvutia mzigo kwa waya aitumie, abaki chini, asipande kabisa.

Kuhusu kufunga sitasema mengi. Mikanda ya racheti minne, pembe nne, imeshika chesisi au mikono ya springi, si usukani wala keria, na imekazwa hadi springi za kwadi zibonyee kidogo. Giya imeingizwa, handibreki imefungwa. Simama baada ya kilomita chache ukaze tena, maana hulegea. Uwezo wa mkanda ni ule wa kubebea uliochapishwa kwenye lebo yake. Nguvu ya kuukata huwa mara tatu ya hapo, lakini hiyo si ya kuitegemea. Mkanda usio na lebo usiununue.

Kuna jambo ambalo wenye dabo kebini hawalifikirii, nalo linaniuma kuliko la namba kufunikwa. Tumenunua magari haya kwa ajili ya familia. Siku za shule yanabeba watoto, Jumamosi yanabeba mzigo, na mara nyingi vyote kwa pamoja. Watoto wamekaa kiti cha nyuma, visogo vyao vimegusa kioo, na nyuma ya kioo kuna bampa ya chuma. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, mashine ya kilo 280 inaisukuma kebini kwa nguvu inayozidi ya kilo 200. Kamba ya manila inayonyooka haiwezi kuzuia kitu hicho. Kioo nacho hakiwezi.

Nitaambiwa trela ni gharama. Ni kweli. Inataka kusajiliwa na kupewa namba yake ya Z, inataka bima, inataka dereva anayejua kurudi nyuma nayo, na feri ikijaa unatazamwa kama adui kwa nafasi unayokula. Nitaambiwa pia kwamba ndani ya shamba, au kutoka gereji kwenda ufukweni kilomita moja kwa mwendo wa miguu, mlango ukiwa mzima na mikanda ikiwa sawa, mtu anaweza kubeba bila madhara. Haya, nakubali, shingo upande. Lakini barabara kuu ya Lungalunga yenye matatu, tuktuk na bodaboda zilizokuganda nyuma si shamba la mtu. Anayekufuata na pikipiki akiwa na abiria wawili hakukubaliana nawe kuijaribu kamba yako.

Askari wa barabarani nao siku ile walimsimamisha yuleyule mwenye Hilux. Nikawaona wanaangalia leseni, wanaangalia stika ya bima, wanaulizia laifseva, zile pembetatu za kuonya. Mzigo hawakuutupia jicho. Wakampungia mkono aende.

Wenye kampuni za kwadi wa Diani na Galu, nawaomba kwa heshima. Mnajuana, mnakodishiana mashine watalii wakizidi, mna kundi lenu la WhatsApp. Changeni mnunue trela moja ya ekseli moja, yenye sakafu ya chini na mlango unaogeuka ngazi. Fundi wa kuchomelea yeyote mzuri wa Ukunda anaiunda akipewa ekseli nzima na vipimo. Kwadi mbili zitakaa humo bila kugusana, karibu na ardhi, kijana hapandi ukuta, na dabo kebini inabaki na watu wake ndani na mlango wake umefungwa. Isajilini kwa jina la mmoja wenu, gharama mgawane kwa safari. Kabla trela haijapatikana, mwenye pikapu ya kebini moja mkodisheni, bodi yake ina mita 2 na zaidi, kwadi inaingia karibu yote na ekseli zote mbili zinakaa ndani ya bodi, si juu ya mlango. Wako wengi tu pale stendi ya Ukunda, asubuhi mapema huwa hawajapata kazi.