Mistral: fonti isiyopenda maneno marefu

Huenda hulijui jina lake, lakini kama umewahi kufungua orodha ya fonti kwenye Microsoft Office, Mistral umeipita mara nyingi. Aliichora Roger Excoffon kwa ajili ya kiwanda cha herufi cha Fonderie Olive cha Marseille, Ufaransa, ikatoka mwaka 1953. Jina ni la upepo wa baridi unaovuma kusini mwa nchi hiyo.

Wanaoisifu wana haki. Enzi hizo kila herufi ya kuchapia ilikuwa kipande chake cha madini ya risasi, lakini neno la Mistral linasomeka kama kalamu haikunyanyuliwa. Mkia wa herufi moja huishia pale inayofuata inapoanzia, huku herufi zenyewe zikipanda na kushuka kama za mtu mwenye haraka. Ukiiweka kando ya Brush Script ya Marekani ya mwaka 1942, hiyo ya pili inaonekana imepigwa pasi. Kwa jina la saluni, au la bibi na bwana harusi juu ya kadi, Mistral inatosha bila pambo lolote.

Ubaya wake unatokana na uzuri huohuo. Ukiongeza nafasi kati ya herufi, hata kidogo, viungo vinakatika na neno linakuwa vipande. Acha nafasi kwenye sifuri. Ukiandika HARUSI kwa herufi kubwa tupu, hazishikani, zinasimama kama miti iliyopigwa na dhoruba. Tena herufi ndogo zake ni fupi: pointi 12 za Mistral huonekana ndogo kuliko pointi 12 za Arial, kwa hiyo anzia 18 kwenye kadi.

Kiswahili nacho kinaibana. Andika “mwanamume” uone: m, w, n na u ni vilima na mabonde tu, na jicho linapotea katikati. “Tunawakaribisha” ni mstari mmoja mrefu usio na mahali pa kupumzikia. Ng' ni kero nyingine, maana ritifaa huingia kati ya g na o ya “ng'ombe” na kukata kiungo. Dawa ni kuandika “ngombe” kwanza, kisha kuiweka ritifaa juu kwa mkono. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, maneno matatu ndiyo kikomo. Tarehe, ukumbi na namba ya simu viandikwe kwa fonti ya kawaida.

Kwa stika za kukatwa kwa mashine kuna mtego mmoja zaidi. Herufi hizi hupandana kwenye viungo, na kisu hufuata ukingo wa kila moja, hivyo neno hutoka limechanjwa kila kiungo. Kwenye CorelDRAW, programu ya kuchora kwa kompyuta, yatenganishe maandishi herufi moja moja (Ctrl+K), yageuze kuwa mistari (Ctrl+Q), kisha uyaunganishe kwa Weld yawe umbo moja kabla ya kutuma. Hakikisha tahajia kabla ya hapo, kwani baada ya Weld hutaweza kurekebisha hata herufi moja kwa kuandika.