Nani aliimaliza Cairo ya Illinois?

Ukiufuata mto Mississippi kwenye ramani ya Marekani kutoka kaskazini, kisha ukaufuata mto Ohio kutoka mashariki, utaona mito hiyo inakutana kwenye ncha nyembamba ya ardhi, mwisho kabisa wa jimbo la Illinois. Juu ya ncha hiyo upo mji mdogo unaoitwa Cairo. Ng'ambo ya Ohio ni Kentucky, ng'ambo ya Mississippi ni Missouri. Kiutawala ni Illinois, lakini Chicago iko zaidi ya kilomita 550 kaskazini, na aliyeko Cairo yuko kusini zaidi kuliko aliyeko Richmond, Virginia, uliokuwa mji mkuu wa majimbo yaliyopigana kuulinda utumwa. Hilo la kusini lishike, maana lina kazi huko mbele.

Sensa ya 1920 ilihesabu watu 15,203 Cairo. Sensa ya 2020 ilihesabu 1,733. Kaunti yake, Alexander, ilitoka watu 8,238 mwaka 2010 hadi 5,240 mwaka 2020, na hakuna kaunti nyingine Marekani nzima iliyopungua kwa asilimia kubwa kiasi hicho katika muongo huo. Hawa si watu waliokufa. Ni watu waliofunga virago, na mimi sikubali kwamba mito ndiyo iliyowafungisha.

Maelezo yanayosikika kila mara ni haya: mji ulijengwa bondeni, mafuriko hayaishi, reli na barabara zikahama, basi. Nusu yake ni kweli. Ardhi pale kwenye makutano ndiyo ya chini kuliko zote Illinois, mita 85 hivi kutoka usawa wa bahari, na mji umezungushiwa matuta na kuta za kuzuia maji. Upande wa kaskazini, barabara kuu inapopita chini ya reli, kuna lango kubwa la chuma linaloweza kushushwa na kuufungia mji wote ndani. Mito ikipanda sana, maji hayaji kwa juu tu, hupenya chini ya tuta na kuibuka ndani ya mji, uani kwa mtu au katikati ya barabara, yakibubujika pamoja na mchanga. Wenyeji huizungushia chemchemi hiyo mifuko ya mchanga mpaka maji yaliyosimama ndani ya duara yalingane uzito na yale yanayosukuma kutoka chini. Ukijaribu kuiziba kabisa, huibukia pengine.

Kwa hiyo ndiyo, kuishi Cairo ni kuishi na mto. Lakini tazama majirani. Paducah, Kentucky, iko kwenye huohuo mto Ohio, mwendo mfupi tu juu ya Cairo. Januari 1937 Paducah ilizama, karibu mji mzima ukahamishwa. Cairo mwaka huohuo ilibaki kavu nyuma ya kuta zake, baada ya wahandisi wa jeshi kulipua tuta la Birds Point ng'ambo, upande wa Missouri, maji yakaingia mashambani. Leo Paducah ina watu zaidi ya 27,000. Cape Girardeau, iliyo kwenye Mississippi upande wa Missouri, ina karibu 40,000. Najua Cape Girardeau ina chuo kikuu, na Paducah ilipata kiwanda cha kurutubisha urani miaka ya 1950. Hata hivyo, kama mto ndio muuaji, ungeanza na ule mji uliouzamisha.

Hoja ya usafiri ina nguvu zaidi. Reli ya Illinois Central ilifika Cairo katika miaka ya 1850, na kwa muda mrefu mabehewa yalivushwa Ohio kwa pantoni. Kila behewa lililosubiri kuvuka lilikuwa ajira kwa mtu. Daraja la reli lilipokamilika mwaka 1889, treni zikaanza kupita bila kusimama. Madaraja ya magari yakafuata, la Mississippi mwaka 1929 na la Ohio mwaka 1938, na barabara kuu ya I-57 ilipopata daraja lake mwaka 1978, madereva hawakuwa na sababu tena ya kuingia mjini. Hilo liliumiza. Ila angalia tarehe na hesabu za watu pamoja: kati ya 1960 na 1970, kabla ya daraja la I-57 kufunguliwa, Cairo ilishuka kutoka watu 9,348 hadi 6,277. Theluthi moja ya mji iliondoka katika miaka kumi. Hapo inabidi kuulizana ni nini kilitokea.

Nianze nyuma kidogo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Ulysses Grant aliweka kambi Cairo mwaka 1861, na mwaka uliofuata maelfu ya watu waliotoroka utumwa walikimbilia hapo. Wengi walibaki. Mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya theluthi ya wakazi walikuwa weusi, katika mji ambao mioyo ya wengi wa wazungu wake ilikuwa Kusini. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1909, umati wa maelfu ulimpora mikononi mwa sherifu mtu mweusi aliyeitwa William James, aliyetuhumiwa kumuua msichana mzungu, ukamnyonga na kummiminia risasi katikati ya mji, chini ya taa za umeme. Hakufikishwa mahakamani. Mwandishi Ida B. Wells alisafiri hadi Cairo, akakusanya ushahidi mtaa kwa mtaa, kisha akasimama mbele ya Gavana Charles Deneen kudai kwamba sherifu yule, aliyekuwa ameondolewa kazini kwa kushindwa kumlinda mfungwa wake, asirudishwe. Hakurudishwa. Namheshimu sana mama yule kwa safari ile. Alikwenda peke yake mahali ambapo mashahidi wenyewe waliogopa kusema.

Sasa bwawa la kuogelea. Mwaka 1962 vijana weusi wa Cairo, pamoja na wanaharakati wa wanafunzi akiwamo John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge wa Georgia, walitaka kuingia kwenye bwawa la kuogelea la mji. Wakaambiwa ni klabu ya watu binafsi, ya wanachama tu. Ipo picha maarufu ya Lewis na wenzake wamepiga magoti nje ya bwawa hilo wakisali, na kando yao mtoto wa kike kainamisha kichwa. Hatimaye wenye bwawa waliona afadhali lifungwe kuliko watoto weusi waingie, na baadaye likafukiwa. Fikiria joto la Julai kwenye bonde lile, unyevu wa mito miwili, na watoto wa mji mzima, weupe kwa weusi, hawana pa kuogelea salama. Nikitakiwa kueleza kwa jambo moja tu jinsi Cairo ilivyopungua, nitachagua bwawa hilo.

Maana yaliyofuata ni bwawa lilelile kwa ukubwa zaidi. Julai 1967 askari kijana mweusi aliyekuwa likizoni, Robert Hunt, alikutwa amekufa katika kituo cha polisi. Polisi walisema amejinyonga, weusi wa Cairo hawakusadiki, na mji ukawaka. Wazungu waliunda kikundi chenye silaha. Mwaka 1969 weusi wakaanza kususia maduka ya katikati ya mji, wakidai kitu kidogo kabisa: waajiriwe mahali wanaponunua. Wenye maduka wengi walikataa. Duka moja likafungwa, kisha la pili, kisha barabara nzima. Nilipotembea Commercial Avenue niliona miti imeota ndani ya majengo ya matofali yasiyo na paa, matawi yametokeza madirishani. Maji ya mto hayakufika pale. Kuta zilikuwa zimefanya kazi yake.

Jambo la 2011 nalo lisemwe. Mei mwaka huo Ohio ilipanda Cairo hadi zaidi ya futi 61, na usiku wa tarehe 2 wahandisi wa jeshi wakalipua tena tuta la Birds Point. Ekari 130,000 hivi za Missouri, nyingi za mashamba, zikazama. Kabla ya hapo, spika wa bunge la Missouri aliulizwa afadhali kizame nini, mashamba au Cairo. Akajibu Cairo. Aliomba radhi baadaye, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nami naamini uamuzi wa kulipua ulikuwa sahihi. Ila kati ya waliolipia uamuzi huo kilikuwamo kijiji cha Pinhook, kilichojengwa na wakulima weusi wa Missouri kwa sababu ardhi nyingine hawakuuziwa. Kijiji hicho kiliharibiwa chote. Kwa hiyo hata mji mmoja maskini ulipookolewa, maji yalielekezwa pia kwa maskini wengine wasiojulikana.

Halafu mwaka 2017 serikali ya shirikisho ikatangaza kufunga nyumba za umma za Elmwood na McBride, zilizooza kwa miaka chini ya usimamizi mbovu. Watu karibu 400 waliambiwa wahame, nusu yao watoto. Cairo karibu haikuwa na nyumba nyingine za kupanga, kwa hiyo kwa wengi kuhama nyumba kukawa kuhama mji. Zile 1,733 za sensa ya 2020 zimetokana kwa sehemu na barua zile za kuhama. Mtu akiniambia ni mwenendo wa kawaida wa miji midogo ya Midwest, yaani majimbo ya kati ya kaskazini mwa Marekani, nitamwomba anionyeshe nyingine iliyopunguziwa watoto wake wa shule kwa tangazo moja.

Cha kuudhi ni kwamba mahali penyewe bado ni pazuri. Simama kwenye bustani ya Fort Defiance, kwenye ncha, uangalie boti za kusukuma zikipita na matishari ya mahindi na soya. Kwenye sehemu za juu za mito hiyo, penye malango ya kupandisha na kushusha boti, msafara wa kawaida ni matishari 15. Kuanzia hapo kushuka hadi New Orleans hakuna malango, hivyo boti moja huweza kusukuma 30 na zaidi. Ndiyo maana serikali ya Illinois ilitangaza dola milioni 40 kwa ajili ya bandari mpya Cairo. Nauunga mkono mradi huo, kwa sharti moja: nyumba zijengwe kwanza, ndani ya kuta, na waliohamishwa waitwe kabla ya wengine. Bila nyumba, wafanyakazi wa bandari watalala Kentucky na Missouri, watavuka madaraja asubuhi na kurudi jioni, na kodi na mishahara yao itavuka pamoja nao.