Kilo 16: uzito unaosahaulika kwenye semina za kunyanyua wagonjwa

Muuguzi msaidizi akilalamika kiuno, jibu la kwanza mara nyingi ni hilo hilo: hukukunja magoti. Kisha anapangiwa semina. Wanaotetea semina si wajinga. Mafunzo ni nafuu kuliko mashine za kunyanyulia wagonjwa, na maumivu ya mgongo yana vyanzo vingi nje ya wodi: umri, unene, kazi za nyumbani. Msimamizi asiye na bajeti huanza na alicho nacho.

Lakini tufanye hesabu. Mwaka 2007 Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, alipendekeza kikomo cha kumnyanyua mgonjwa kwa mikono: pauni 35, yaani kama kilo 16. Na hizo ni kilo 16 za siku njema, mgonjwa akiwa mtulivu na msikivu, mzigo ukiwa karibu na kifua, mnyanyuaji akiwa hajajipinda. Mgonjwa akishtuka, au kitanda kikiwa chini, kikomo kinashuka. Sasa, mguu mzima wa binadamu, kuanzia nyonga hadi unyayo, ni takribani sehemu ya sita ya uzito wake. Mtu wa kilo 100 ana mguu wa kilo 16 hivi. Kuuinua tu ili kidonda kifungwe, kikomo kimeshafika, na bado hajageuzwa, hajapelekwa msalani, hajavutwa kurudi kwenye mto. Magoti gani yakunjwe hapo? Anayemsafisha mgonjwa kitandani huinama mikono ikiwa mbele, na umbali huo peke yake unazidisha mzigo kwenye pingili za chini.

Basi aite mwenzake? Mwaka 1999 mtafiti William Marras na wenzake walipima mgongo wa wanyanyuaji wakimhamisha mtu mwepesi, wa kilo 50 tu, tena mwenye ushirikiano. Hata wakiwa wawili, hatari ya kuumia ilibaki kubwa.

Miguu nayo inasemwa kidogo, labda kwa kuwa haiangushi mtu ghafla. Misuli ya shavu la mguu, nyuma chini ya goti, ndiyo inayosukuma damu kurudi juu mtu anapotembea. Akisimama tuli kando ya kitanda, damu inatuama, miguu inavimba, na baada ya miaka mishipa inajitokeza.

Wenye shaka na mashine za kunyanyulia wana hoja nzito zaidi ya bei. Mashine inachukua dakika ambazo mgonjwa aliyebanwa na haja hana, na wengine huogopa kuning'inizwa. Tena mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta kwamba mafunzo ya kunyanyua hayazuii maumivu ya mgongo, hata yakiambatana na vifaa. Hilo linauma pande zote mbili. Ila kifaa kilichoonyeshwa kwenye semina kisha kikafungiwa stoo si sawa na kifaa kilicho kando ya kitanda, chenye betri iliyojaa, na wahudumu wa kutosha kukitumia bila kukimbizwa.

Kwa hiyo semina zibaki, lakini zifundishe mashine na shuka za kutelezesha. Na mtu akiumia, kabla ya kuulizwa alivyoinama, fomu ya ajali iulize mashine ilikuwa wapi na zamu ilikuwa na watu wangapi.